Kabla hujalipia kozi ya saluni

Mabinti wengi wanaokuja kuniomba nafasi ya kujifunza kazi huuliza swali lile lile: "Dada, leseni ya ususi inapatikanaje?" Kwanza huwa nawatenganishia mambo mawili. Leseni ni ya biashara. Inatolewa na halmashauri, na inahusu chumba ulichopanga na wewe kama mfanyabiashara. Cheti ni cha ufundi, kinahusu mikono yako. Mtu anaweza kuwa na leseni ukutani na bado hajui kuweka dawa, na wateja wanaungua kwake kila wiki. Ushauri wangu ni utafute cheti kwanza, hata kama mtaani wanakwambia usaluni hauhitaji shule.

Hapa Tanzania kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukaa chuoni, VETA au chuo binafsi cha ufundi stadi, ukapanda ngazi ya I, ya II hadi ya III. Kozi fupi za miezi michache nazo zipo, na zinamfaa anayetaka jambo moja tu, kama kucha au kupamba maharusi. Usizihesabu kuwa sawa na hizo ngazi.

Njia ya pili naipigia debe popote ninapopata nafasi, kwa kuwa wengi wetu tumejifunza kusuka barazani tukiwa wadogo. Inaitwa urasimishaji ujuzi. Fundi aliyejifunzia mtaani anahojiwa, anafanya kazi huku mtathmini anamwangalia, kinachopungua anafundishwa kwa muda mfupi, kisha anapata cheti chake. Nilipita njia hiyo mwenyewe. Kwenye twende kilioni na rasta hakuna aliyenigusa. Faida niliipata kwenye dawa na ngozi, mambo ambayo saluni nilizofanyia kazi hakuna aliyewahi kunieleza sababu yake. Kwa hiyo kama una miaka kadhaa kwenye kiti, nenda kituo cha VETA kilicho karibu nawe uwaulize habari za urasimishaji kabla hujatoa ada ya kozi nzima.

Ukiamua chuo, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Halafu omba kuingia darasa la vitendo siku ya kazi, siyo siku ya kupokea fomu. Angalia wanafunzi wanashika vichwa vya nani. Kichwa cha plastiki kinafaa kwa mwanzo, lakini hakina mba, hakitoki jasho, wala hakikwambii kwamba dawa imeanza kuchoma. Chuo kisichokuwa na wateja wa kweli, au kisichokupeleka saluni kwa mafunzo ya vitendo, nakushauri ukiache hata kama jengo ni zuri.

Sasa nieleze kwa nini nasisitiza elimu. Chukua dawa ya kulainisha nywele. Ile ya kopo moja, aina nyingi zina sodiamu haidroksaidi, yaani kostiki soda ile ile wanayotengenezea sabuni. Ile ya kuchanganya vitu viwili ina kalsiamu haidroksaidi, na watu huidhani haina ukali kabisa. Zote zinavunja viungo vya ndani vinavyoupa unywele umbo lake, na zote zinaweza kuichubua ngozi. Ndiyo maana fundi aliyesoma huanza na maswali. Umefumua lini? Umejikuna? Uliwahi kuweka dawa gani? Mteja aliyefumua rasta jana ana michubuko asiyoiona, mwambie arudi baada ya wiki moja au mbili, hata kama ana pesa mkononi. Mwenye nywele za kalikiti, yaani zilizotiwa dawa ya mawimbi, usimwekee dawa ya soda juu yake, zitakatika kwenye kitana.

Akiwa salama, paka mafuta ya mgando kuzunguka paji, masikio na kisogo. Dawa ipake kwenye nywele zilizoota tu, zile za zamani ziache. Saa uiangalie wewe, usimwachie mteja aamue kwa uvumilivu wake, maana wapo wanaoamini kwamba bila kuwashwa dawa haijashika. Wakati wa kuosha tumia shampuu ya kuondoa dawa, zile zinazobadilika rangi. Povu likiwa bado la waridi, dawa imebaki. Osha tena, pitisha vidole nyuma ya masikio na kwenye kisogo ambako hujificha, mpaka povu liwe jeupe. Nimeona saluni wanaruka hatua hii kwa sababu foleni ni ndefu, na mteja anaondoka na dawa inaendelea kufanya kazi kichwani.

Piko nayo inanisumbua moyo, hasa msimu wa harusi. Ile nyeusi sana mara nyingi imechanganywa na rangi ya nywele yenye kemikali inayoitwa PPD, na kuna ngozi zinazoikataa kwa malengelenge yanayoacha alama. Jaribu tone dogo kwenye kiwiko kwa ndani, usubiri saa 48. Bibi harusi anayekuja asubuhi ya siku yenyewe mpake hina ya kawaida.

Usafi utaulizwa kwenye tathmini, na mteja hapaswi kuukosa. Mapunye yanahamia kwa vitana na mashine za kunyolea. Vitana vioshe kwa sabuni kwanza, kisha viloweke dakika 10 kwenye Jik ya asilimia 3.5, sehemu 1 kwa maji sehemu 6. Suuza, kausha. Vya chuma usivisahau humo, vitashika kutu.

Leseni yenyewe haina mlolongo wa kutisha. Unahitaji namba ya NIDA, TIN (namba ya mlipakodi) ya TRA ambayo hutolewa bure, na mkataba wa pango, kisha unaomba halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Anayekwambia umlipe ili akupatie TIN, achana naye. Afisa afya akija atataka kuona maji, choo, hewa na mahali pa kutupia taka, kwa hiyo kagua hayo kabla hujalipa kodi ya miezi sita.

Ataangalia na rafu. Vipodozi vyenye zebaki au hidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS, shirika la viwango. Wateja watakuomba mkorogo, tena watakuahidi malipo mazuri. Kataa tangu siku ya kwanza. Ukimchanganyia mmoja, shoga zake watano watakuja wiki ijayo wakitaka na wao.