Mserego wa ofisi ya kijiji: vipimo vya kwenda navyo mkutanoni

SWALI: Mume wangu alianguka kutoka kwenye mchikichi mwaka jana, uti wa mgongo ukavunjika, na kuanzia kitovuni kushuka chini hana nguvu wala hisia. Anatumia kitimwendo. Ofisi ya kijiji chetu ina ngazi tatu, kimo cha jumla sentimita 45, na kila mkutano vijana humbeba kama gunia. Amechoka, nami nimechoka. Tunataka kuomba mserego, yaani njia ya mteremko ya kupitisha kiti pasipo ngazi. Tuombe vipi, na fundi tumwambie nini? (Msomaji, Kigoma Vijijini)

JIBU: Pole sana, mama, kwako na kwa mzee. Ombeni vipimo, msiombe msaada. Anayeomba msaada hupewa kilo tano za unga na picha ya pamoja.

Kanuni ya mserego, au rampu kama mafundi wengi wanavyouita, ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kwa hiyo 45 mara 12 ni sentimita 540. Fundi atakwambia mita mbili zinatosha. Hazitoshi: kwenye mwinuko huo magurudumu madogo ya mbele huinuka na kiti kikapindukia nyuma, na asiye na nguvu za kiwiliwili hawezi kujizuia.

Kuna kosa jingine, hasa kwenye vijiji vyenu vya milimani. Watu hupima ngazi tu, wakasahau kuwa kiwanja chenyewe kinashuka. Pimeni kwa mpira mwangavu uliojazwa maji (maji ya ncha zake mbili hukaa usawa mmoja), kutoka usawa wa kibaraza hadi pale mserego utakapoishia. Ardhi ikiwa imeshuka sentimita 15 zaidi, kimo ni 60 na urefu unakuwa sentimita 720. Sogezeni alama ya mwisho wa mserego hadi hapo, mpime tena.

Upana uwe sentimita 120. Juu na chini pawe na sehemu bapa ya sentimita 150 kwa 150, maana mlango hauwezi kufunguliwa kiti kikiwa kwenye mteremko. Pembeni inueni ukingo wa sentimita 10 ili gurudumu lisitoke. Mlango nao upimwe: nafasi ya kupita isipungue sentimita 80.

Kwa ule wa sentimita 540 kwenye kiwanja tambarare, zege la unene wa sentimita 10 pamoja na sehemu bapa mbili ni kama mita za ujazo 1.1. Mkichanganya saruji ndoo 1, mchanga 2 na kokoto 4, itatumika mifuko 7 ya kilo 50, na 2 zaidi kwa kuta za pembeni zinazozuia kifusi. Kifusi hicho cha chini ya zege kishindiliwe kwa matabaka ya sentimita 15 huku kikimwagiwa maji. Kikijazwa chote kwa mkupuo, masika ya kwanza kitatitia na zege litapasuka. Uso usisakafiwe ukawa laini. Upitisheni ufagio mgumu zege likiwa bichi. Limwagilieni siku 7.

Sasa barua. Iandikwe kwa Mtendaji wa Kijiji, nakala kwa Mtendaji wa Kata na kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Tajeni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo ya umma yafikike. Ambatisheni mchoro na hesabu ya mifuko. Ombeni iwe ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kukaa angalau kila miezi mitatu. Siku hiyo hoja aitoe mzee mwenyewe. Wewe shika karatasi ya vipimo. Mke akisemea kila kitu, wajumbe huanza kumuuliza yeye kuhusu mtu aliyekaa hapo hapo.

Mikutano yetu ni mirefu, basi akalie sponji ngumu ya sentimita 8 hadi 10, kamwe si pete ya mpira wa ndani wa gari, kwa sababu hubana damu pembezoni. Kila dakika 15 hadi 30 ainamie mbele, kifua kielekee mapajani, kwa dakika 2. Kujiinua kwa sekunde chache hakutoshi. Mkirudi nyumbani angalia makalio: wekundu usiopotea baada ya nusu saa ni mwanzo wa kidonda, asikalie hapo mpaka uishe. Na kama anatoa mkojo kwa mpira (katheta), atoe mkojo kabla ya kuondoka, kisha kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama mwenyekiti bado anasoma mapato na matumizi.