Folda haifunguki: kabla hujaandika 777

Wadogo zangu, nimeona tena. Seva ya nyumbani, folda ya familia haifunguki kwenye laptopu ya mama mwenye nyumba, na kijana mwenye akili zake timamu, ninayempenda na kumwamini, anaingia kwenye seva kwa mbali (SSH) na kitu cha kwanza anachoandika ni `sudo chmod -R 777`, amri ya kumruhusu kila mtu kusoma, kuandika na kufuta kila kilichomo ndani. Hajaangalia logi. Hajamuuliza mama tatizo limeanza lini. Hajui hata kama ombi la ile laptopu limeifikia seva. Nilimshika mkono kabla hajabonyeza Enter, nikaamua niyaandike haya mahali pamoja, kwa sababu nimechoka kuyarudia kila linapokuja kundi jipya la mafunzo kwa vitendo.

Nawaandikia mnaoijua Samba, programu ya Linux inayogawa folda kwa kompyuta za Windows, na mliokwisha kulihariri faili lake la mipangilio, smb.conf, kwa mikono yenu. Namna ya kuiweka mtaisoma kwingine.

1. Jua kwanza umekwamia wapi

Kutoka kwenye kompyuta ya mtu mpaka kwenye faili lake kuna vituo vinne: mtandao, utambulisho, masharti ya Samba, na ruhusa za Linux yenyewe. Kila kituo kina namna yake ya kukataa, na Windows hukwambia ni kipi, ilimradi usome namba ya kosa badala ya kukimbilia kufunga kidirisha. Ukiona 0x80070035 au kosa la 53, hujafika kwenye seva. Hapo ruhusa hazihusiki, andika 777 mpaka kuche. Ukiona 67, mara nyingi seva umeifikia ila jina la folda umelikosea. 1326 ni jina au nenosiri lililokataliwa. 5 ndiyo inayosema umefika lakini huruhusiwi, na hata hapo anza na `testparm`, inayokagua smb.conf, maana mstari mmoja wa `valid users` (orodha ya wanaoruhusiwa kuingia) uliokosewa unatosha kumfungia mtu nje.

Nilikaa na binti mmoja wa kundi lililopita, mwepesi kuliko wote, alasiri nzima akihangaika na ruhusa za folda ambayo jina lake kwenye smb.conf lilikuwa `hati` na yeye anaandika `hatii`. Kosa lilikuwa 67 tangu mwanzo. Lilikuwa pale pale kwenye skrini.

2. Mtandao wa nyumba zetu

Andika `\\192.168.1.20` moja kwa moja. Ikifunguka kwa namba na isifunguke kwa jina, seva ni nzima, jina ndilo linaloumwa. Na msinipigie simu kwamba seva "haionekani" kwenye orodha ya mtandao. Orodha ile ya zamani iliegemea NetBIOS, mfumo wa zamani wa majina ya mtandao, na SMB1, toleo la kwanza la SMB, lugha ambayo Windows na Samba huzungumza, na kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, mwaka 2017, SMB1 ilianza kuondolewa kwenye usakinishaji mpya. Mwaka huo huo, mwezi Mei, WannaCry, programu hasidi inayofunga mafaili na kudai fidia, ilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu wa SMB1. Kwa hiyo ukimwona mtu anakushauri uirudishe SMB1 ili seva ionekane, mshukuru kisha usimsikilize. Weka `wsdd`, programu inayoitangaza seva kwa Windows, itaonekana.

Ping pekee haitoshi. Seva inaweza kujibu ping vizuri kabisa huku fayawoli imeufunga mlango wa 445, ambao SMB hupitia. Kwenye PowerShell andika `Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 445`, upate jibu la kweli.

Halafu tembea nyumba. Nasema kweli, inuka utembee. Nyumba nyingi tunazoingia zina kifaa cha fiba kilicholetwa na kampuni sebuleni, na ruta nyingine ambayo mwenye nyumba aliinunua mwenyewe ili Wi-Fi ifike vyumba vya juu. Ile ya pili imechomekwa kama ruta kamili, inagawa anwani zake yenyewe, 192.168.0 huku ya chini ikigawa 192.168.1. Laptopu ya juu itaifikia seva ya chini kwa namba lakini haitaiona kwenye orodha. Ukiigeuza, seva ikawa juu na laptopu chini, huifikii kabisa. Utakesha na smb.conf na hutapata kitu. Igeuze ruta ya pili iwe kituo cha Wi-Fi tu, ugawaji wa anwani ubaki kwa mmoja. Na ukiwa hapo uliza kama simu za watoto ziko kwenye Wi-Fi ya wageni, kwa sababu ruta nyingi huizuia Wi-Fi hiyo isione vifaa vya ndani.

Anwani ya seva itengwe kwenye ruta kwa MAC, namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Umeme unakatika, unarudi, ruta inasahau ilimpa nani nini, na folda iliyofunguka jana kwa namba leo ni printa.

Mlango wa 445 usifunguliwe kamwe kuelekea intaneti. Anayetaka faili akiwa safarini awekewe WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani.

3. Wewe ni nani kwa macho ya seva?

Nenosiri la Linux na nenosiri la Samba ni vitu viwili. Mwongeze mtu kwenye Samba kwa `smbpasswd -a`, kisha `pdbedit -L` uone kama jina limeingia. PIN ya kufungulia Windows haitumiki kwenye mtandao, na watu wengi hawajui nenosiri lolote zaidi ya hiyo PIN. Waelezeni taratibu, bila kuwacheka.

Kosa la 1219 maana yake Windows tayari ina muunganisho na seva hiyo hiyo kwa jina jingine, na haikubali majina mawili kwa wakati mmoja. `net use` ikuonyeshe miunganisho iliyopo, `net use * /delete` iikate, `cmdkey /list` ionyeshe manenosiri ya zamani yaliyohifadhiwa. Msilipite hili haraka, kwa sababu linahusika na ninachotaka kuwaambia hapa chini.

Wenye Windows 11 toleo la 24H2 watakuja na malalamiko mapya: folda ya wageni isiyo na nenosiri, iliyofunguka miaka yote, imekataa. Toleo hilo linadai mawasiliano ya SMB yawe na saini, na kwenye Windows 11 Pro limefunga pia njia ya kuingia kama mgeni. Msirudishe nyuma mipangilio ya Windows. Mpeni kila mtu jina na nenosiri lake, kazi imekwisha.

4. 777

Alikuwa mwalimu mstaafu. Seva yake ilikuwa kompyuta ya mezani ya zamani iliyowekwa chini ya kabati la vitabu, na ndani yake kulikuwa na folda ya picha alizoziskani yeye na mkewe kabla mkewe hajafariki. Kila picha waliipa jina kwa mkono: mwaka, mji, nani amesimama wapi. "1978 Tabora, wa tatu kushoto ni mama." Folda nzima ilikuwa hivyo. Ruhusa zilikuwa zimepangwa vizuri na aliyenitangulia: mwalimu peke yake anaandika, watoto na wajukuu waliomo kwenye orodha wanasoma tu.

Aliniita kwa sababu laptopu ya binti yake haikufungua folda. Nilimwamkia, nikakaa, nikaona neno la kukataliwa ruhusa, nikaandika 777 kuanzia juu ya folda ya familia mpaka chini kabisa. Haikufunguka. Nikamwambia binti aiwashe upya laptopu, ikafunguka. Nikaamini nimetibu. Nikanywa chai, nikapokea hela yangu, nikaondoka.

Ukweli niliuelewa baadaye. Binti alikuwa ameingia kwenye seva kwa jina la kaka yake siku hiyo hiyo, na jina lile halikuwa kwenye orodha ya `valid users` ya folda ya picha. Windows iliushikilia muunganisho ule mpaka laptopu ilipozimwa. Dawa ilikuwa kuwasha upya, au mstari mmoja wa `net use`. Ile 777 haikutibu chochote, na nikaiacha pale, kimya, mlango wazi kwa kila aliyemo kwenye orodha ile.

Likizo ikafika. Mjukuu akataka nafasi ya kuweka sinema, akakuta diski imejaa, akaona folda kubwa yenye mafaili aliyodhani ni nakala za yale yaliyoko kwenye simu ya mama yake. Akafuta. Zamani seva ingemkatalia. Safari hii haikumkatalia. Na mnajua, au mnapaswa kujua leo, kwamba faili likifutwa kwenye folda ya mtandao haliendi kwenye kapu la taka la Windows. Linaondoka moja kwa moja. Windows ilimuuliza kama ana uhakika, akajibu ndiyo, kama ambavyo mtoto yeyote angejibu. Kisha akaanza kumwagia sinema kwenye nafasi ile ile.

Nakala ya akiba haikuwepo. Tulikuwa tumeongea kuihusu.

Niliichomoa diski nikaendesha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa. Picha nyingi zilirudi, nyingine zilikuwa zimeshafunikwa na sinema. Lakini PhotoRec inatambua faili kwa yaliyomo ndani yake, jina hailijui. Ile ya Tabora ilirudi ikiitwa kitu kama f0482136.jpg, katikati ya mamia zinazofanana nayo. Mwalimu alikaa na binti yake wakaanza kuzipa majina upya. Za ukoo wake alizikumbuka. Za ukoo wa mkewe, wale shangazi na mabinamu waliosimama mstari mbele ya nyumba asiyoijua, hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama mashine ina namna ya kukumbuka majina, nikamjibu hapana.

Kwa hiyo nikikushika mkono kabla ya Enter, usinione mkali.

5. Ruhusa, zikiwa kweli ndizo tatizo

Kabla ya kugusa chochote, hifadhi hali iliyopo: `getfacl -R folda > ruhusa.txt`. Ukiharibu, `setfacl --restore=ruhusa.txt`. Chmod haina kitufe cha kurudi nyuma, hiki ndicho kitufe.

Kisha `namei -l` ikifuatiwa na njia nzima ya faili. Mara nyingi folda yenyewe haina neno, ila iliyo juu yake haina `x`, ruhusa ya kupita, kwa kikundi, na asiyeweza kupita ukumbini haingii chumbani. Tengeneza kikundi cha familia, folda ziwe 2770 ili kila kitakachozaliwa ndani kirithi kikundi, weka `create mask = 0660` kwa mafaili mapya na `directory mask = 2770` kwa folda mpya. Ya kusomwa tu iwe `read only = yes` pamoja na `write list` ya mwenye nayo. Ongeza `vfs objects = recycle`, kinachofutwa kiende kwenye folda ya taka ya seva kwanza.

Diski ya nje iliyofomatiwa kwa exFAT haisikii chmod hata kidogo. Ruhusa zake zinatolewa kwenye fstab, faili la Linux linaloeleza diski zipachikwe vipi, kwa `uid`, `gid` na `umask`. Kwenye Fedora na ndugu zake, ruhusa zote zikiwa sawa na bado unakataliwa, angalia lebo ya SELinux, ulinzi wa ziada juu ya ruhusa za kawaida, inapaswa kuwa `samba_share_t`.

6. Jaribio la umeme

Hili mnaliruka wote. Ukimaliza kazi, zima kila kitu kwenye soketi, ruta na seva, kisha uwashe kwa pamoja. Ukiwa na diski ya nje na `nofail` kwenye fstab, diski ikichelewa kuamka seva inaendelea bila hiyo, na Samba inawaonyesha watu folda tupu. Wanadhani kila kitu kimepotea. Mbaya zaidi, wengine wanaanza kuhifadhi humo, na diski ikija kupachikwa mafaili yao yanafichika chini yake. Dawa: diski ikiwa haijapachikwa, piga `chattr +i` kwenye ile folda tupu, isiandikike na mtu yeyote.

Halafu msubiri mwenye nyumba afungue mwenyewe, kwa kifaa chake, faili lake, na alihifadhi. Na kabla hujazima soketi mwambie unachofanya, asije akatuma mtoto dukani kununua Luku.