Sukari ikishuka dereva akiwa usukanini

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza: dereva akizidiwa na maradhi njiani, yeye na abiria wake wafanye nini? Nitajibu kwa upande wa kisukari, maana sukari ikishuka hushika akili mapema. Dereva anatoka jasho, mikono inatetemeka, anawafokea abiria, naye anaamini kabisa yuko sawa na Segera si mbali. Kwa hiyo uamuzi ufanywe kabla gari halijatoka Tanga: dalili ya kwanza tu, pembeni.

Walio hatarini hasa ni wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake ni nadra kuishusha hivyo. Pima kabla ya safari, kisha kila baada ya saa 2. Mashine ikisoma chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), kula kwanza. Chini ya 4, usiguse usukani.

Angalia na machungwa ya Muheza. Ukimenya chungwa kisha ukachoma kidole bila kunawa, mashine inapima na sukari ya chungwa. Inaweza kukuonyesha 9 kumbe damu ina 3, nawe ukaondoka umetulia. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, ndipo uchome. Vibanzi vya kupimia na insulini visikae kwenye dashibodi. Jua la huku huviharibu.

Ukishasimama, zima gari, chomoa ufunguo, uhame kiti. Kunywa vijiko vya chai 4 vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Maandazi na chokoleti haviwahi, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Baada ya dakika 15 pima tena. Ikiwa bado chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula mkate au ndizi. Wengi hukosea hapa: wanaona 5 na kuwasha gari papo hapo. Damu hupona kabla ya ubongo, hivyo subiri dakika 45 nyingine. Na sukari hiyo ikae mkono unapofika, isiwe kwenye buti.

Aliyefunga Ramadhani apime pia; wanazuoni wengi wanasema kuchoma kidole hakubatilishi swaumu. Ikiwa chini ya 3.9, afungue, hata magharibi ikiwa imebaki dakika 10.

Dereva wa gari dogo akinyamaza ghafla, aliye kiti cha kushoto ashike usukani, ausukume mguu wa dereva utoke kwenye mafuta, aweke nyutro, avute breki ya mkono kidogo kidogo. Akiivuta kwa nguvu, magurudumu ya nyuma yanaganda na gari linazunguka. Asichomoe ufunguo gari likitembea, usukani utajifunga.

Aliyezimia asinyweshwe chochote, kitaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, pigeni 112, mumkimbize hospitali iliyo karibu, iwe Bombo, Muheza au Korogwe. Neno la kwanza mlangoni liwe dawa anayotumia na saa aliyoitumia mara ya mwisho. Dereva aiandike kwenye karatasi na kuiweka mfuko wa shati.

Msomaji, Tanga