Miguu ya kuku ni mboga, si dawa ya magoti

Miguu ya kuku nilianza kuipika sawasawa mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Sisi wa Kigoma tunajua mboga zote zikikosekana, dagaa wapo. Miezi ile mitatu waliobaki ni wa akiba, na bei yake bora ninyamaze. Siku moja sokoni Mwanga muuza kuku akanionyesha beseni lililokaa pembeni: "Dada, chukua fungu hili, watoto watakula." Nilichukua haraka haraka nikafunika na mchicha, maana mtaani kwetu ukionekana na miguu ya kuku wanajua kwako tarehe ni mbovu.

Mara ya kwanza niliharibu. Niliosha kwa maji baridi, nikakata ncha za kucha, nikatumbukiza sufuriani. Supu ikanuka banda, haikuliwa. Kosa lilikuwa langu: kuku wa kufugwa ndani hukanyaga kinyesi maisha yake yote, na uchafu unajificha chini ya ile ngozi ngumu ya njano yenye magamba. Lazima itoke. Chemsha maji, epua, tumbukiza miguu kwa nusu dakika hivi, kisha vua ngozi kama unavyomvua mtoto soksi. Ukiiacha ndani muda mrefu ngozi inaiva na kung'ang'ania, utakaa unabandua mpaka magharibi. Kucha ikatwe pamoja na kipande cha kidole. Halafu geuza mguu utazame kwenye kiganja. Ukiona kigaga cheusi kilichovimba, usidhani ni tope, huyo kuku alikuwa na kidonda. Mimi mguu wa namna hiyo natupa wote. Wauzaji wengine wanaichanganya katikati ya fungu, kwa hiyo chagua mwenyewe mmoja mmoja, hata ukinuniwa. Ukimaliza, kibao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla hujakatia nyanya za kachumbari. Vimelea vya kuharisha vinavyotoka kwa kuku vinakufa kwenye moto, lakini kachumbari haipiti motoni.

Sasa faida yake. Gramu 100 za miguu iliyochemshwa, bila kuhesabu mifupa, zina takribani kalori 215, protini gramu 19, mafuta gramu 14 na ushee, na wanga karibu hakuna. Kwa protini si haba kabisa. Lakini mguu wa kuku hauna mnofu, una ngozi, kano na gegedu, na protini ya humo kwa sehemu kubwa ni kolajeni. Kolajeni ina upungufu wake: haina kabisa triptofani, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, sharti uvipate kwenye chakula. Na mahindi nayo ni maskini wa hiyo hiyo triptofani. Ugali wa muhogo ndio usiseme, protini yake ni kidogo mno. Kwa hiyo ugali na miguu ya kuku peke yake ni kama wadaiwa wawili wanaokopeshana: tumbo linajaa, ila mtoto anayekua hapati kila anachohitaji.

Mimi naziba pengo hilo kwa maharage. Maharage ya Kasulu yanachukua muda mrefu kuiva na miguu vilevile, inataka saa moja na nusu hadi mbili ndipo gegedu lilainike. Hapo kuna jambo ambalo wanaosifia "mboga ya bei nafuu" hawalisemi: mkaa. Unaokoa fedha kwenye fungu, unairudisha kwenye kopo la mkaa. Ndiyo sababu siku ya miguu ni siku ya maharage. Naloweka maharage usiku, asubuhi nayachemsha, yakikaribia kuiva natia miguu iliyokwisha kuchemka nusu na tangawizi, naiacha imalizikie humo kwa moto mdogo. Nazi ukipenda. Mawese natia kijiko tu, kwa sababu ngozi ile ina mafuta yake ya kutosha. Ile ya kukaanga hadi ikauke, inayouzwa jioni barabarani, ni tamu, sikatai, lakini hapo umeongeza mafuta juu ya mafuta, na chumvi yake mwenye presha aiogope.

Mama yangu ndiye aliyenitia kwenye mabishano. Magoti yanamsumbua miaka mingi, na alipoona sufuria akafurahi: "Mwanangu, nipe supu hiyo, inatia mafuta magotini." Wengi wanaamini hivyo. Ukweli ni kwamba kolajeni ikifika tumboni inasagwa vipande vidogo vidogo kama protini nyingine, na mwili unavipeleka unakotaka wenyewe. Hakuna njia ya mkato kutoka bakuli hadi gotini. Tena ili mwili utengeneze kolajeni yake unahitaji vitamini C, ndiyo maana namkamulia limau kwenye bakuli wakati wa kula, si sufuriani, kwa sababu moto mrefu unaiharibu. Supu anakunywa, lakini kliniki anakwenda na mazoezi aliyofundishwa anafanya. Hilo la pili ndilo linalonipa kazi.

Na kalsiamu? Watu wanaona mifupa wanadhani supu imejaa kalsiamu. Mfupa hauachii kalsiamu yake kirahisi hivyo kwenye maji. Gramu 100 za miguu zina kama miligramu 88, wakati glasi ya maziwa ina karibu 300. Dagaa wetu ni jambo lingine, kwa kuwa tunawatafuna na miiba yao. Ziwa lilipofunguliwa, dagaa walirudi sahanini kwangu bila mashindano, na miguu ikabaki ya mara moja kwa wiki.

Supu ikilala itaganda na kutikisika. Kijana wangu aliiona asubuhi akadhani imeharibika, akammwagia mbwa sufuria nzima. Nilikaa kimya ili nisiseme maneno mabaya. Ule mgando ni kolajeni yenyewe, ukipasha moto unayeyuka. Lakini kama hamna friji, isilale. Joto la Kigoma halina huruma na supu.

Kwa watoto wadogo, chini ya miaka minne au mitano, usiwape mguu mzima washike. Vidole vina vifupa vidogo vya mviringo vinavyoponyoka na kukaba koo. Mimi namchambulia wa mwisho ngozi na gegedu lililolainika, nalikatakata ndani ya maharage, na vifupa navihesabu pembeni ya sahani yangu. Wakubwa waachie wanyonye wenyewe, ila waambie watafune polepole. Kwetu zamani firigisi ilikuwa ya baba na miguu ya watoto. Siku hizi baba yao ndiye anayefika jikoni wa kwanza kuuliza imebaki mingapi.