Ninavyosafisha banda la kuku bila dawa kali: fagio, jua na chokaa

Mara ya kwanza kuandaa banda langu hapa Nkuhungu, Dodoma, nilitumia ile dawa nyeusi ambayo ukiitia kwenye maji inageuka nyeupe kama maziwa. Nilimwaga chupa nzima. Harufu ilikuwa kali kiasi kwamba niliamini hakuna kijidudu kitakachobaki. Lakini sakafu sikuikwangua, na kwenye kona kinyesi cha kundi lililopita kilikuwa kimegandamana kama saruji.

Wiki ya nne vifaranga wakaanza kuhara damu. Kati ya 150 nilizika 41. Na maji ya kuoshea banda yalikuwa yametiririka hadi kwenye tuta la mchicha la jirani. Mchicha wote ukaungua, mama wa watu akanigongea mlango ameshika shina mkononi, hakusema neno.

Kosa langu kubwa halikuwa dawa. Dawa yoyote, ya dukani au ya asili, ukiimwaga juu ya kinyesi inaishia hapo hapo kwenye kinyesi. Tena vimelea vya kuhara damu vina ganda gumu, dawa nyingi za kawaida haziviwezi. Vinachoogopa ni ukavu na joto, na hivyo Dodoma tunavyo vya bure.

Kwa hiyo siku hizi, kundi likishatoka, natoa maranda yote siku hiyo hiyo, nayapeleka kwenye shimo la mboji mbali na banda. Nakwangua sakafu kwa jembe, nafagia kuanzia kwenye paa kushuka chini, halafu ndiyo nasugua kwa maji, sabuni ya unga na brashi ngumu. Maji ya mgao haya, kwa hiyo kadiri unavyokwangua vizuri ndivyo ndoo zinavyopungua. Banda likikauka kabisa, napaka chokaa.

Nazungumzia chokaa ile ya kupakia nyumba, iliyokwisha kuzimwa. Kilo 1 kwa lita 5 za maji, koroga, paka ukuta na sakafu mara mbili. Inaua kwa ukali wake wa alkali, na ikikaa hewani muda mrefu inageuka taratibu kuwa kitu kama chaki kisichodhuru udongo. Ndiyo maana mfuko uliofunguliwa tangu mwaka jana haufai: utapaka banda jeupe la kupendeza na vijidudu vitakaa humo kwa amani. Vaa glavu na miwani, maana ikiingia jichoni utajuta. Usiweke vifaranga kabla haijakauka, itawaunguza miguu. Mimi napumzisha banda siku 14, mapazia yamefunguliwa.

Vyombo vya maji na chakula vinaoshwa kisha vinaanikwa juani. Maji yetu ya visima yanaacha ukoko mweupe kwenye vyombo, na uchafu unajificha chini yake. Ukoko huo nautoa kwa siki. Siki kazi yake inaishia hapo, siitegemei kuua virusi vya kideri, ule ugonjwa wa kuku uitwao pia mdondo. Na usithubutu kuichanganya na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, inatoa gesi inayoweza kukuua wewe kabla ya kuku.

Mwarobaini? Nautumia kwa utitiri, basi. Kama mfuko unaruhusu, maduka ya mifugo yana dawa zenye asidi ya perasetiki. Zikimaliza kazi zinavunjika na kubaki maji, oksijeni na asidi ileile ya siki. Fuata vipimo vya kwenye chupa. Ila chanjo ya kideri iko palepale, banda safi haliifuti.

Mlangoni nina beseni la maji ya chokaa la kukanyagia. Nabadilisha kila asubuhi, na yakiingia tope nabadilisha tena. Mama wa mchicha akija kununua mayai, anakanyaga kwanza, kisha ananiuliza kama leo kuna maji yanayoelekea kwake.