Jibu: Bomba jeusi la bustani linavuja, gundi haishiki

Ndugu, umeuliza kwa nini bomba jeusi la kumwagilia ukoka hapo Entebbe bado linavuja ingawa umelipaka gundi ya PVC na kulizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Shida ni kwamba hilo si PVC, ile plastiki ngumu inayoungwa kwa gundi. Bomba jeusi lenye mstari wa buluu ni polithini (HDPE), na polithini haishiki gundi za kawaida za dukani. Gundi ya PVC huyeyusha uso wa plastiki ili vipande viwili viungane viwe kimoja. Juu ya polithini inakauka tu, kisha inabanduka kama ganda la kitunguu. Mpira wa tyubu nao ni wa kukuvusha usiku mmoja hadi duka lifunguliwe.

Kama bomba limepauka na huna hakika ni la aina gani, kata kipande kidogo ukitumbukize kwenye glasi ya maji. PVC huzama, polithini huelea.

Usichimbe tu pale penye tope. Kwenye mteremko maji hufuata mfereji wa bomba na kuibukia chini zaidi, kwa hiyo anzia pale ulipoona unyevu, kisha fuata bomba kuelekea juu. Kata ukoka vipande vya mraba pamoja na mizizi yake, uviweke juu ya gunia na kuvinyunyizia maji. Chimba sentimita 30 kila upande wa tundu, halafu shuka sentimita 10 chini ya bomba. Hapo chini ndipo watu wengi huharibu kazi: wasipochimba, maji machafu hurudi ndani ya bomba mara tu linapokatwa, na mchanga unakwenda kuziba vinyunyizi vyote.

Litazame tundu vizuri kabla ya kulikata. Likiwa juu na limenyooka, ni jembe. Ukiona alama za meno, ni panya au fuko. Likiwa upande wa chini, karibu kila mara ni jiwe: bomba lilifukiwa na murramu yenye kokoto, na kila maji yanapofunguliwa bomba husogea kidogo na kusuguliwa. Kwa tundu la jiwe, toa kokoto mpaka mita moja kila upande, la sivyo utakuwa unachimba tena hatua mbili kutoka hapo.

Sasa matengenezo yenyewe. Nunua koplingi ya kukaza, yaani kiungo cha kuunga vipande viwili vya bomba, ile yenye nati mbili na pete ya mpira ndani. HDPE hupimwa kwa kipenyo cha nje: 20, 25 au 32 mm. Ukienda madukani Nakasero, Kampala, beba kipande cha bomba lako, usitaje inchi kwa kukumbuka. Funga maji, fungua kinyunyizi cha chini kabisa ili bomba limwage, kisha kata sehemu mbovu kwa kisu kikali au msumeno, mkato uwe mnyoofu. Kwangua ukingo wa nje uwe na mteremko mdogo. Ukingo mkali hukata pete ya mpira, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya koplingi mpya kuvuja. Pima kina cha koplingi, weka alama kwenye bomba, paka maji ya sabuni (si mafuta), legeza nati, sukuma mpaka alama ifike kwenye nati. Utahisi ugumu mara ya kwanza bomba linapokutana na pete. Wengi huishia hapo wakidhani limefika. Endelea. Kaza kwa mkono, kisha malizia kwa spana bila kutumia nguvu nyingi. Ufa ukiwa mrefu, tumia koplingi mbili na kipande kipya katikati.

Wenye PVC ngumu: bomba lililofukiwa halisogei, kwa hiyo soketi ya kawaida haiingii mpaka uchimbe mtaro mrefu wa kulipinda. Afadhali soketi isiyo na kizuizi katikati, inayoteleza yote upande mmoja na kurudishwa juu ya kiungo. Piga msasa, futa, kausha kabisa, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia nusu dakika. Usifungulie maji mpaka kesho yake. Maji yakiendelea kuchuruzika ndani, shindilia kipande cha mkate mweupe ndani ya bomba, nyuma ya mkato; baadaye kitalainika na kutoka, lakini vua kwanza pua za vinyunyizi.

Kwenye hesi (mistari ya skrubu kwenye viungo vya kuzungusha), zungusha ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tano hadi nane kufuata upande wa kukazia. Usikaze sana, hesi ya plastiki hupasuka, na ufa wake hauzibiki.

Kwa wanaosema tone dogo halina neno: kinga kopo. Ikipatikana nusu lita kwa dakika, ni lita 720 kwa siku, yaani jerikani 36 za lita 20.

Kabla ya kufukia, acha maji yapite dakika chache bila pua, kisha rudisha pua na uangalie kiungo usiku pia, kwa sababu wateja wengi wanapolala shinikizo la bomba la mji hupanda. Fukia kwanza kwa udongo uliochekechwa, sentimita 10 juu ya bomba, ndipo urudishe mwingine, halafu ukoka.

Na kama kinyunyizi cha chini kabisa ya mteremko kinatiririka dakika chache baada ya kufunga maji, halafu kinakoma, usichimbe. Hayo ni maji yaliyobaki ndani ya bomba yanashuka. Dawa yake ni kuweka valvu ya kuzuia maji chini ya kinyunyizi hicho.