Maswali na Majibu: Limón Ipi Inayokusudiwa?

Maswali ya safari hii yote yanahusu neno moja la Kihispania, limón, nami nimeyajibu kwa mfululizo.

Nilifuata maelekezo ya kuandaa samaki kwa namna ya Meksiko, nayo yalitaka limón. Nikakamua malimau ya manjano, lakini ladha haikuwa ile niliyowahi kuionja. Nilikosea wapi? (Msomaji, Tanga)

Mapishi yako hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika tafsiri. Mtu wa Madrid akisema limón, anakusudia limau la manjano lenye ganda nene. Mmeksiko akitaja neno hilohilo, anakusudia tunda dogo la kijani, la mviringo, lenye ganda jembamba na kokwa nyingi, ambalo ukilipasua kwa kisu harufu yake hukufikia puani kabla hujaanza kulikamua. Hiyo ni ndimu yetu hasa, ile tunayoikamulia mishikaki na kachumbari. Limau la manjano ndilo ambalo Wameksiko hulazimika kulitaja kwa rangi yake, limón amarillo, kwa kuwa si tunda lao la kila siku. Kwa hiyo maelekezo yakitoka Meksiko tumia ndimu, na yakitoka Hispania tumia limau. Naomba sana wanaotafsiri mapishi waitafsiri meza ya mpishi pamoja na maneno yake.

Binti yangu alikula limoncillo katika Jamhuri ya Dominika, akaambiwa maana yake ni “limau dogo”. Mbona anasema halifanani na limau? (Mama, Unguja)

Ni kweli, mama, halina udugu na limau. Limoncillo ni la ukoo mmoja na shokishoki: ganda lake la kijani hupasuliwa kwa meno, na ndani mna nyama laini inayonyonywa kwenye kokwa kubwa. Binti akifika Meksiko na kukaribishwa té limón, asitazamie tunda lolote, kwani ataletewa chai ya mchaichai.

Sisi mabaharia tunaijua bandari ya Limón huko Kosta Rika. Je, ilisitawi kwa malimau? (Msomaji, Mombasa)

Ilisitawi kwa reli na ndizi. Ujenzi wa reli ya kuiunganisha pwani hiyo ya Karibi na mji mkuu, San José, ulianza mwaka 1871 na kukamilika mwaka 1890, na wengi wa vibarua walioifanya kazi hiyo ngumu walitoka Jamaika. Baadaye wao na watoto wao wakafanya kazi katika mashamba ya ndizi yaliyoenea kandokando ya reli. Marcus Garvey, yule Mjamaika mtetezi wa haki za watu weusi, naye alifanya kazi huko mnamo mwaka 1910. Mkishuka melini, onjeni wali wao, ambao hupikwa pamoja na maharage kwa tui la nazi, ukatiwa pilipili nzima inayoangaliwa isipasuke; mtu wa Pwani hatajiona mgeni mbele ya sahani hiyo. Jambo jingine la kutazama ni ufuo wenyewe, kwa maana tetemeko la tarehe 22 Aprili 1991 liliinua sehemu ya pwani hiyo hata matumbawe yakabaki juu ya maji.

José Limón, yule mtunzi wa dansi, alipewa jina la tunda? (Msomaji, Nairobi)

Hilo ni jina la ukoo wa baba yake. Alizaliwa Culiacán, Meksiko, mwaka 1908, akakulia Marekani, na mwaka 1946 akaanzisha kundi la dansi ambalo linaendelea hadi leo. Mji wa Limon katika jimbo la Colorado, Marekani, nao ulipewa jina la mtu: John Limon, msimamizi wa ujenzi wa reli. Huo wa Colorado huandikwa bila alama juu ya “o”. Katika Kihispania alama hiyo huonyesha kwamba mkazo huwekwa kwenye silabi ya mwisho, tofauti na mazoea yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho.